Mbwa Aliyekatazwa Kubweka

Soweto West, Kibera
9 Februari 1997

Kwa Mjomba Munyao,

Habari za Kawangware? Mguu wako umepoa ama baridi bado inakusumbua? Sisi huku tuko. Baba Mulei ana kikohozi kidogo, Mulei anakula vizuri, na mbwa wako anakula vizuri kutushinda sote.

Naanza na mbwa kwa sababu nimechoka. Uliponiletea ulisema ni mpole, mwili umeshamaliza kukua, na kazi yake itakuwa moja: Mulei afungwe naye kwa kamba kiunoni, na mtoto akikimbia, mbwa alale chini asitoke hapo. Nikafurahi. Unajua vile naishi na huyu mtoto. Miaka sita na hajaniita mama. Daktari alisema ni otizimu, akaniandikia kwa karatasi, lakini karatasi haimshiki mtoto mkono. Mlango ukibaki wazi kidogo, ametoka mbio, haoni gari, haoni mtaro. Nikienda kuteka maji namfunga na leso kwa mguu wa kitanda, halafu narudi na mtungi nikilia njia nzima. Ndiyo maana sijawahi kufika kwako tangu uhamie huko. Nitavuka Ngong Road na yeye vipi?

Lakini hukuniambia huyu mbwa anatafuna sabuni. Hukuniambia anaingia kwa karai la nguo. Na hilo jina! Juzi nimepiga kelele, "Daisy, toka hapo, mchafu wewe!" Jirani yangu Mama Daisy akatoka na mwiko mkononi. "Mama Mulei, mtoto wangu amekukosea nini?" Nikamwonyesha mbwa. Akawaka zaidi. "Kwa hivyo mmempa mbwa jina la msichana wangu?" Mpaka leo hatusalimiani. Naweza kumwita Simba?

Barua nampa Sifuna, maana yeye huja hapa soko la Toi kununua mitumba ya kuuza huko kwenu. Tafadhali nijibu upesi.

Mpwa wako,
Mama Mulei

*

Kawangware
16 Februari 1997

Mpwa wangu Ndanu,

Nimesoma, nimecheka, mguu ukapata nafuu. Mwambie Makau anywe tangawizi na aache kulala na dirisha wazi.

Jina halibadilishwi. Madam, bosi wangu aliyetupa huyu mbwa, alimpa tangu azaliwe na ndilo analojua. Muombe jirani msamaha, mpelekee hata nyanya.

Sasa nisikilize. Kabla ya kuajiriwa na Madam kule Lavington nilikuwa nafundisha mbwa wa ulinzi, na huyu si wa ulinzi. Usimpige. Usimfungie nje. Mtu mwingine asimpe chakula, hata mfupa. Na asibweke kamwe, maana mtoto wako hawezi kelele. Huyu ni kama yaya: anakaa kimya, macho kwa mtoto.

Usimfunge na Mulei bado. Jifunge wewe. Tembea, halafu kimbia ghafla. Akilala chini, mpe kipande cha nyama. Rudia mpaka uchoke.

Madam amesema atamwangalia mwisho wa Agosti. Akiwa ameharibika atamchukua, na hana mwingine wa kutupa.

Mjomba wako,
Munyao

*

Soweto West
20 Aprili 1997

Kwa Mjomba,

Pokea salamu za watu watatu na mnyama mmoja. Kikohozi kiliisha. Wewe je, unalala vizuri?

Ulisema nirudie mpaka nichoke. Haya, nimechoka. Kila asubuhi, Baba Mulei akiwa bado hajaenda kazini, namwachia mtoto, najifunga kamba, natembea kuelekea Toi na kukimbia kama mwizi. Daisy analala chini kama gunia la simiti na mimi naanguka matope. Ogola, yule fundi wa viatu tunayepanga naye ploti moja, amehamisha stuli yake ili aone vizuri. "Mama Mulei, leo mbwa anakupeleka wapi?" Na vijana nao: "Mathe, huyo dogi umemshika ama amekushika?" Siwajibu. Nina matope mpaka kwa meno, nitawajibu na nini?

Lakini Mjomba, anajua. Wiki jana nilijaribu kumshinda kwa nguvu zangu zote na nikashindwa. Nikakaa hapo chini, nikacheka peke yangu.

Mulei alikuwa hamtazami kabisa, anamruka kama kizingiti. Halafu Alhamisi mvua ikapiga mabati, ile kelele asiyoiweza, akaanza kujigonga kichwa. Mikono yangu haikutosha. Daisy akaja akalala juu ya miguu yake, kwa uzito wake wote. Mtoto akanyamaza. Akashika sikio la mbwa, akalisugua kwa vidole mpaka mvua ikaisha.

Sasa shida. Ameanza kubweka. Mgeni yeyote akipita mlangoni, hau! Mulei anaziba masikio, anagonga ukuta. Si mimi niliyemfundisha, naapa. Ama uliniletea mbwa mbovu?

Mpwa wako,
Mama Mulei

*

Kawangware
4 Mei 1997

Ndanu,

Nalala vizuri, ila barua yako imeninyima usingizi. Hamjambo hapo?

Mbwa si mbovu. Kuna mtu anampa kitu kila akibweka. Mtafute huyo mtu kabla Madam hajasikia. Na usiwasingizie watoto, anza na watu wazima.

Mjomba wako

*

Soweto West
1 Juni 1997

Kwa Mjomba Munyao,

Hatujambo kwa mwili. Kwa moyo, ngoja nikueleze.

Nimempata. Si mtu, ni ploti nzima! Nilikaa ndani na Mulei, nikachungulia kwa tundu la mabati. Muuza makaa akapita. Daisy akamwangalia, kimya, mbwa wa heshima zake. Mama Trizah, tunayepakana naye ukuta, akaita kutoka mlangoni kwake, "We! Huoni mtu?" Daisy akabweka, akarushiwa kipande cha matumbo. Ogola akarusha mfupa. Hata Mama Daisy, ambaye hanisalimii, akatupa ukoko wa ugali na kusema, "Vizuri Daisy," kama anasifu mtoto wake.

Nikatoka. "Mnafanya nini na mbwa wangu?"

"Tunakusaidia," Mama Trizah akasema, bila haya. "Umeletewa bubu, sisi tunamfungua ulimi."

"Mbwa asiyebweka ni wa kazi gani?" Ogola naye. "Huyo ni kondoo amevishwa mkia wa mbwa."

Jioni nikamwambia Baba Mulei, nikitarajia atasimama na mimi. Akaangalia viatu vyake. "Mimi ndiye nilianza," akasema. "Watu waliniuliza, Makau, mbwa mkubwa hivyo hata kukohoa hawezi? Niliona aibu. Na tangu jiko la Ogola liibiwe, kila mtu anataka mlinzi."

Siku hiyo nilimpakulia mbwa kwanza, yeye baadaye. Mjomba, nifanye nini na watu kama hawa?

Mpwa wako,
Mama Mulei

*

Kawangware
8 Juni 1997

Mpwa wangu,

Pole. Hapa hatujambo, ila nimecheka kwa uchungu.

Waliomfundisha ndio watakaomwondolea. Mgeni apite, mbwa akinyamaza, apewe. Akibweka, wote wageuze uso kama hayupo. Akilipwa na mmoja tu, kazi yote imemwagika. Zungumza nao kwa upole. Nakujua mdomo.

Mjomba wako

*

Soweto West
27 Julai 1997

Kwa Mjomba,

Natumai huko kuna amani, maana huku imekwisha.

Niliongea nao kwa upole, ukitaka kujua. Niliwaambia ukweli kuhusu Mulei. Kumbe Mama Trizah, akisikia ile gonga-gonga ya ukutani, alikuwa anafikiri tunampiga mtoto. Akanishika mkono, akasema, "Mbona hukusema?" Tangu siku hiyo ungeona maajabu: mgeni anaingia, watu wazima wanageuza uso ukutani kama wamekosana na dunia, kila mmoja na matumbo yake ndani ya kiganja. Mama Daisy ndiye alikuwa mkali kushinda wote. "Daisy, nyamaza! Si wewe, mama, ni mbwa!" Baada ya wiki chache, kimya kabisa.

Kimya kimezidi. Jumanne mchana mtu asiyejulikana aliingia, akaanua blanketi ya Mama Trizah kwa kamba ya nguo na suruali mbili za Ogola, akatoka polepole. Daisy alimwangalia mwanzo hadi mwisho bila neno. Halafu akaenda mlangoni kwa Ogola, akakaa, akangoja alipwe. Na Ogola, hajui kitu, akampa mfupa!

Nilicheka, na hilo ndilo kosa. Sasa wamemwita Gachanja, msimamizi wa ploti. Amesema mwezi ukiisha mbwa atoke ama sisi tutoke. Baba Mulei anasema turudishe mbwa, vyumba ni vigumu kupata. Mulei hajui haya yote. Amelala na mkono ndani ya manyoya.

Nipe shauri. Upesi, Mjomba.

Mpwa wako,
Mama Mulei

*

Kawangware, mlangoni kwako
Jumamosi, 16 Agosti 1997

Kwa Mjomba,

Natumai u mzima popote ulipo, maana hapa hupo.

Barua yangu haikujibiwa, na baadaye nikasikia Sifuna alienda kwao nayo mfukoni. Basi nilijishauri mwenyewe. Watu wa ploti walitaka mbwa atoke, tukatoka sisi: tumehamia Kianda, huko huko Kibera. Chumba ni kidogo na kinavuja upande wa kitanda. Baba Mulei alisukuma mkokoteni akinung'unika safari zote, halafu tulipofika, kabla hata ya kutafuta pa kuweka jiko, akachana gunia akamtandikia Daisy. Nikageuza uso nikacheka. Nikisema ataanza tena.

Leo nilimfunga Mulei kamba na Daisy, tukatoka. Sikukuandikia kwamba tunakuja, nisije nikashindwa njiani. Tulipofika Toi, mwenye mkokoteni akapiga mluzi sikioni mwa mtoto, naye akachomoka kuelekea Ngong Road. Unajua mbio zake. Nikapiga mayowe. Daisy akalala. Kamba ikakaza, Mulei akavutwa nyuma, na lori likapita hapo mbele yake, vumbi likatufunika.

Alilia, Mjomba. Alimpiga mbwa ngumi, akamvuta manyoya. Daisy hakubweka, hakuinuka. Watu wakajaa. "Mama, mbwa anamla mtoto!" Mwanamume mmoja akainua rungu, nikasimama katikati. "Hamli! Anamshika! Hamwoni anamshika?" Huo mdomo unaoujua, leo niliutumia wote. Mwishowe Mulei akachoka, akamkalia Daisy mgongoni, akatafuta sikio lake.

Nilitaka kurudi nyumbani. Halafu nikaona mtoto ametulia, mbwa ametulia, anayetaka kukimbia ni mimi tu. Tukavuka.

Na baada ya njia yote hiyo, Kalondu jirani yako ananiambia uko kazini mpaka jioni! Siku moja ninakuja, Mjomba, siku moja! Amenipa maji na karatasi hii.

Mwambie Madam wako nashukuru. Agosti inaisha, kama anataka kumwangalia mbwa, aje Kianda, chai ipo. Lakini Daisy harudi. Akisema lazima arudi, mtume mtu mwingine, usije wewe, maana nakuheshimu na sitaki kukufukuza kwa mwiko.

Nitakusukumia karatasi chini ya mlango. Ningekuwa nimeshaondoka, jua linazidi, ila Mulei amelala hapa kizingitini kwako, kichwa juu ya tumbo la mbwa, na Daisy ananiangalia kama askari wa zamu. Nimeinuka mara mbili nikimwita twende, na yeye hata mkia hatikisi.

Basi nimekaa.

Mpwa wako,
Mama Mulei