Zuhura Hajarogwa, Mama

Cape Town

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti limepungua kuuma. Mwili wangu mzima, alhamdulillahi, ila moyo hauna raha tangu wiki iliyopita. Nimeandika kwa sababu ukipokea simu unafungulia spika, na haya sitaki yasikiwe na Mlingotini nzima. Keti kwanza, uisome peke yako.

Uliniambia Zuhura amechukua tena samaki wa jirani, kaka Shomari akamchapa, na kesho yake akarudia palepale, mchana kweupe, watu wanamtazama. Ukasema mtoto wa miaka tisa hawezi kuwa hivyo kwa akili yake, kuna mkono wa mtu, na mvua zikipungua utampeleka kwa mganga Fukayosi. Mama, usimpeleke. Mwanangu hajarogwa.

Katika chekechea ninayofanyia kazi kuna binti wa miaka mitano, Lena. Wiki iliyopita alishika hita, akaungua vidole, akalia mpaka sauti ikamkauka. Tukampaka dawa. Nusu saa haijapita, namkuta ananyoosha mkono kulekule. Nilimvuta kwa hasira, nikamwambia mwalimu, "Huyu mkaidi kama mwanangu wa nyumbani."

"Si mkaidi," akanijibu. "Mama yake alikunywa pombe akiwa na mimba yake."

Nilicheka. Nilidhani anamsengenya tu yule mama. Nikamuuliza, "Pombe kanywa mama, mtoto yumo tumboni, imemfikiaje?"

"Kwa damu. Akinywa mama, mtoto naye kanywa, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa."

Akaniambia watoto hao unawafundisha leo, kesho wamesahau. Mkono unachukua kabla akili haijafikiri. Unawaadhibu, nao hawaoni adhabu na kosa vinahusiana vipi. Na wengi wao ukiwatazama usoni huoni tofauti yoyote.

Nilikaa kwenye kiti cha watoto, mama, magoti yamenifika kifuani. Yeye alikuwa anamsema Lena, mimi nilikuwa namsikia Zuhura.

Sasa nikwambie nililokuficha miaka yote hii. Nilipokuwa napika kwenye ule mgahawa wa Ubena, nilikuwa nakunywa. Tukimaliza kazi, mimi na wenzangu tulikunywa bia, na siku nyingine si moja wala mbili. Mimba niliijua ikiwa ya miezi minne. Nilitaka kuacha, mwenzangu mmoja akasema bia nyeusi inaongeza damu, nikaona nimepata ruhusa. Nilikunywa mpaka juma lile niliporudi kwako na tumbo limeshakuwa kubwa. Ulinipokea, ukanisomea dua, ukaniuliza kama nilikuwa nakula vizuri. Nikasema ndiyo.

Nilimwendea nesi wa zahanati ya huku, nikamweleza yote. Akasema hawezi kumpima mtoto asiyemwona, huenda ni pombe, huenda ni jambo jingine. Tumpeleke hospitali ya wilaya, na daktari aambiwe ukweli wa mimba ile. Nikamuuliza kama ipo dawa ya kuliondoa tatizo hilo. Akatikisa kichwa. Nililia mbele yake bila haya.

Lakini alisema tunaweza kumsaidia. Fimbo haimfundishi kitu, inamtia hofu tu. Umtume jambo moja, kwa maneno machache, likiisha ndipo jingine. Kula, kuoga na kulala kuwe kwa saa zilezile. Lena nimeanza kumshika mkono na kumwambia "moto" kila tukiipita hita. Jana alisimama mwenyewe akanitazama.

Nimeomba likizo, nimekubaliwa. Mwezi ujao nakuja, nitampeleka Zuhura hospitali mimi mwenyewe na nitamwambia daktari kwa kinywa changu. Kaka Shomari aweke fimbo chini kuanzia leo. Akiwa na hasira, anisubiri mimi. Na wewe, mama, ukinichukia utakuwa na haki, ila usimchukie yeye.

Nisalimie wifi yangu. Mwalimu wa madrasa, kama naye amechoka na usahaulifu wa Zuhura, mwombe asimtoe chuoni kabla sijafika. Jirani mwenye samaki mwambie nitakuja kumtaka radhi.

Zuhura mwambie hana kosa. Akisahau, mwambie tena.

Mwanao,
Mwajuma