Difensi Uliyoniachia

Chebet, mtoto wa dada yangu,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mama yako ameniondolea kiti kizuri, anasema nitakivunja. Tangu tukuzike sijui kutulia mahali pamoja, na sasa kuna hii timu yako.

Pale wodini uliniambia, "Anko, wasichana wangu wasikae bila kocha." Nikasema hiyo ni kazi ndogo kwa mtu aliyewahi kusimamisha lori la majani chai kwa bega, huko Chepseon, breki zikiwa zimekatika. Ulicheka mpaka ukakohoa. Basi nilienda shuleni kwako. Siku ya kwanza niliwaambia zamani nilikuwa naruka, refa ananingoja nishuke ndipo apulize filimbi. Lakini wewe unajua: mpira wa kikapu niliushika mara moja tu, mbele yako, nao ukanitegua kidole.

Kufunga wanajua, uliwafunza. Shida ni kuzuia. Ile difensi yako ya watu watano kama ukuta mmoja: mmoja akipitwa, wa pili anamsaidia, wa tatu anajaza pengo la wa pili, na wote wanaitana, "Mpira!" "Msaada!" "Kushoto!" Kwangu ukuta ulikuwa na milango mitano. Tulifungwa na kila timu iliyokuja. Mwalimu mkuu akaniambia polepole, "Mzee, tukifungwa vibaya tena Jumamosi, hiyo timu tunaivunja, wasichana waende voliboli." Timu yako, Chebet! Nilitembea mpaka nyumbani, nikarudi shule, nikaenda tena nyumbani, na ile mvua yetu ya saa tisa ikinipiga.

Nikaongeza sauti. Unaijua sauti yangu. Wachuma chai ng'ambo ya bonde huinua vichwa. "Wewe, rudi! Wewe, msaidie! Pengo, pengo!" Na kadiri nilivyopiga kelele, wao kimya kama wako kwenye maombi. Wananitazama mimi, mpira unapita nyuma ya visigino vyao.

Alhamisi baada ya mazoezi, yule mdogo wa kidato cha kwanza, Chepng'eno, alikuja akitazama viatu vyake. Akasema, "Anko, usikasirike. Mzee akiongea, sisi hunyamaza. Tumefunzwa hivyo nyumbani."

Nilikasirika. Nikamwambia asinifundishe kazi, mimi nilikuwa nazuia mipira kabla babake hajaoa. Akaenda zake. Nikabaki nimeshika mpira peke yangu... nikakukumbuka kwenye ile benchi, mechi nzima umefunga mdomo, unatafuna kamba ya filimbi. Nami nyuma yako nakucheka mbele ya watu: "Kocha gani huyu, ametoka kung'olewa jino?" Hukunijibu hata siku moja. Nilidhani huna la kusema. Si ungeniambia, Chebet! Ama uliniambia, na mimi nilikuwa naongea?

Jumamosi wakaja wa Sigor, warefu kama nguzo za stima. Nilimwita Chepng'eno mbele ya wenzake, nikasema alisema kweli, na tena mimi sijawahi kucheza hata dakika moja. Kapteni akasema, "Tulijua, Anko." Nikaenda kukaa. Nilikalia mikono yangu. Mara tatu mdomo ulifunguka, nikauma kola ya shati.

Robo ya kwanza, kimya. Tukafungwa, tukafungwa. Nikaona kama ninakuzika mara ya pili. Ndipo sauti moja nyembamba ikatoka nyuma kabisa: "Kapteni, kushoto!" Mtoto wa kidato cha kwanza anamwamrisha kapteni! Na kapteni akaenda kushoto, akauchukua mpira. Kutoka hapo wote wakaanza kuitana, kelele kama soko la Jumamosi, na wale wa Sigor hawakuona tena pa kupita.

Tulifungwa kwa kikapu kimoja. Watu nimewaambia tulishinda kwa thelathini, lakini wewe siwezi kukudanganya. Mwalimu mkuu alinishika mkono, akasema, "Jumatatu mazoezi, saa kumi."

Pumzika sasa, mtoto wa dada yangu. Nakuahidi nitakaa kwenye benchi yako na mdomo nimeufunga, hata ulimi ukiniwasha vipi. Siku za mechi ukisikia makelele upande huu, usinilaumu. Ni wao.

Anko wako