Bado Uko Nasi, Paskazia?

Jumanne, 3 Agosti 1999

Nimeenda mjini kwa baiskeli, vikapu vya kikundi cha akina mama nyuma. Vumbi kutoka Kisesa hadi Igoma. Nikapitia duka la kompyuta la Shimba. Sikuwa nimeingia humo tangu tumzike mke wangu Paskazia mwezi wa sita. Kiti chake kipo – kile chenye mguu uliofungwa waya. Alikuwa akivua viatu mlangoni, Shimba anamcheka. Alisema kitu cha maana namna ile hukiendei na vumbi la ng'ombe.

Yeye ndiye aliyewauzia akina mama vikapu vyao kwenye mnada wa humo ndani ya kompyuta, alikofungua duka kwa jina lake. Si kama mnada wa Misungwi, ambako mnunuzi unamwona usoni. Hawa wako Ulaya na Amerika. Wanashindana bei, na mzigo ukifika salama wanaandika neno la sifa chini ya jina la muuzaji, kila mtu alione. Chini ya jina la Paskazia sifa zimejaa. Shimba alinisomea kwa Kiswahili. Mama mwaminifu. Kikapu kizuri kuliko picha yake. Nikaomba arudie. Akarudia, wala hakunicheka.

Jumamosi, 7 Agosti

Kuna barua ya kompyuta, imetoka mnadani kwenyewe. Shimba alinitafsiria. Mpendwa Paskazia, muda mrefu hatujakuona. Je, bado uko nasi? Tuandikie jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na neno lako la siri, ama sivyo tutalifunga duka lako.

Kumbe hawana habari!

Aliyechelewa msiba humwambii tu kwamba mtu alishakufa, basi. Unamkalisha. Unaanza na siku alipougua, unamfikisha hadi kaburini, hata kama umeshasimulia hadi sauti imekauka. Nikamsimulia Shimba, naye akawa anageuza Kiingereza na kuchapa. Homa. Wodi. Asubuhi ile ya mwisho, mambo ambayo hata Suzana, mdogo wake, sijamwambia.

Mwishoni akaniuliza kama na neno la siri aliandike. Nikasema wameuliza, wape. Ni Odeta, jina la bibi yake. Alinitajia akiwa kitandani, ili kikundi kisikwame.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Leo ugali nimeumaliza.

Jumatano, 18 Agosti

Neno la siri halifungui. Shimba kajaribu na kujaribu. Akasema duka la Paskazia tunaweza kulitazama kwa nje tu, kama wapita njia.

Tukalitazama. Hakuna kikapu hata kimoja. Kuna kamera, saa za mkononi, vinanda. Vyote kwa jina lake. Na chini, pale penye sifa, maneno mapya. Nikamwambia asome. Nimetuma pesa, sijaona kitu. Tapeli. Paskazia ni mwizi, msinunue kwake.

Mwizi! Huyu aliyerudi sokoni na jua la mchana kwa sababu mwenye nyanya alimzidishia chenji.

Ile barua haikutoka mnadani. Iliandikwa na watu wanaotafuta wauzaji wenye jina zuri, nao wakishapewa neno la siri wanalibadilisha. Shimba anasema amesikia Dar wapo waliopatwa hivyo hivyo. Aliniambia, "Baba, mimi ndiye niliyechapa." Nikamwambia mimi ndiye niliyesema. Tukaachia hapo.

Alhamisi, 19 Agosti

Nimewaeleza akina mama. Wengi hawakuelewa, wakadhani vikapu vimeibwa njiani. Suzana alielewa mara moja. Yeye ndiye mwenyekiti wao sasa. Aliweka chini ukindu aliokuwa anasuka.

"Shemeji," akasema, "umemkaribisha mwizi msibani, ukamtandikia na mkeka."

Mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Sikumlaumu. Ndivyo ilivyo.

Tangu ushirika uyumbe na pamba inunuliwe na kila mwenye lori, ada za watoto wao zinatoka kwenye vikapu hivi. Suzana anataka tufungue duka jingine, kwa jina lake. Ni sawa. Kwa kikundi ni sawa kabisa. Lakini lile la zamani? Akasema liache, shemeji, marehemu hasomi.

Wanaosoma ni wengine.

Jumapili, 22 Agosti

Misa. Padri alitaja marehemu wa mwezi wa sita. Alipofika kwake nilitazama chini.

Jumatatu, 23 Agosti

Wenye mnada, wale wa kweli, wamejibu malalamiko yetu. Ni mwenye duka pekee anayeruhusiwa kulalamika. Paskazia aandike mwenyewe.

Shimba kawapigia faksi hati ya kifo.

Ijumaa, 27 Agosti

Naandika hapa hapa dukani kwa Shimba.

Wenye mnada wamejibu. Wanatupa pole. Duka watalifunga wakimaliza uchunguzi, ila maneno ya wanunuzi hawafuti, ndiyo sheria yao. Kwa hiyo litafungwa hivyo hivyo, na neno mwizi chini ya jina lake.

Kisha Shimba akafungua barua nyingine, imekuja kwa anwani ya duka lake. Ni ya mama mmoja wa Kanada aliyewahi kununua vikapu viwili. Paskazia ndiye aliyempa anwani hii. Anasema alinunua kamera, haikufika, akaandika kwa hasira. Akajibiwa na mume wa marehemu. Akasoma jinsi mke alivyoomba achanwe nywele asubuhi, mume akachana upande mmoja, akadhani amesinzia, akaacha asimwamshe. Anasema alilia. Malalamiko yake ameyaondoa. Ametuma na rambirambi, mahali alipoelekezwa, na anauliza kama imenifikia.

Nilimwomba Shimba asome tena pale pa nywele. Ni maneno yangu. Wezi hawakubadilisha kitu.

Nikasema tumjibu haraka, asitume tena. Shimba ameandika: Mama, umeibiwa. Halafu akageuka.

"Na habari za msiba, baba? Nimwambie ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi atauliza mwizi alizijuaje. Atasema ni sisi."

Nimetoa daftari hili ili nisimtazame. Kuna watu wawili wanasubiri kompyuta, mmoja anagonga sarafu mezani. Mstari ule bado uko peke yake kwenye kioo. Shimba ananiuliza tena, taratibu, aandike nini.