Skafu ya Bibi

Kariakoo, Jumatano, Juni 1956

Sikujua niikomeshe wapi. Mjomba anapanda basi la Moshi kesho alfajiri, na skafu ya Bibi lazima aende nayo, maana Machame baridi imeshaanza.

Mchana nilikaa uani nikifuma kwa kulabu. Mikono ilitoka jasho, uzi wa sufu ukawa unakaza, nikafumua mistari minne. Bi Mwanamvua, mwenye nyumba wetu, akacheka.

"We mtoto, na joto hili unataka kumnyonga nani?"

Niliona haya, lakini nikamwomba anipimie, kwa kuwa ni mnene kama Bibi. Akaivaa huku akijipepea.

"Haya. Shingo ya bibi yako ndiyo hii?"

Nakumbuka moshi wa jikoni kwake, na maziwa ya moto aliyonipa asubuhi nikitetemeka. Shingo yake siikumbuki. Miaka sita sijamwona.

"Basi irefushe," akasema kwa upole. "Wazee hupungua, mwanangu. Akipungua, ataizungusha mara mbili."

Nimeirefusha mpaka uzi umeisha. Lakini hilo la kupungua sikuwa nimeliwaza kabisa.