Fundi Kaniambia Mama Imekufa

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, na ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, maana hata mume wangu alicheka. Naandika huku mtoto wa miezi mitano kanilalia mapajani, mwandiko ukipinda univumilie. Nina watoto wawili, huyu na dada yake wa miaka sita, na nina kompyuta moja ya mezani, kuukuu, ya kioo cha chogo, boksi lake lilikuwa jeupe sasa lina rangi ya chai ya maziwa, na kompyuta hiyo ilikuwa ya mama yangu, karani wa kupiga chapa, aliyefariki mwaka jana.

Mama aliinunua ofisini kwao walipobadilisha mashine, akaileta nyumbani imeviringishwa kwenye shuka kama mgonjwa, na tangu hapo kila jioni ilikuwa ni ile feni, inakohoa kwanza ndipo itulie, na mimi juu ya mito miwili ili nifikie kibodi, na mama kanifunika mikono kwa kitambaa cha jikoni nisichungulie herufi. Mazoezi ya kupiga chapa alinitungia mwenyewe, zaidi ya mia, akayahifadhi humo humo kwenye kompyuta, yote ya mambo ya mle mle ndani mwetu. "Nyoosha mgongo mwanangu, herufi hazikimbii." "Baba yako kaficha miwani yangu, sasa anaitafuta na yeye." "Jirani kaazima pasi, kaenda kuiazimisha kwa jirani yake." Nilifika la sitini nikajiona nimekua, nikaacha. Yaliyobaki sijawahi kuyafungua, mshauri, hata moja, nilikuwa najiambia yapo tu.

Mwaka huu nikaanza upya na binti yangu, kwa mito ile ile, tukafika zoezi la tisa, ndipo kompyuta ikagoma. Unabonyeza, feni inazunguka mara moja, inakata. Nikaibeba hadi kwa fundi, akaifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa.

"Dada, mama imekufa."

"Mama gani?"

"Mama ya mashine. Hii bodi kubwa."

Sijui kilichonipata, nililia pale pale mbele ya wateja, na fundi wa watu akachanganyikiwa, akanivutia stuli, akasema, "Basi dada, usilie, mama za mtumba zipo!" Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri simu yake akacheka mpaka akapaliwa. Nikamjibu fundi, "Mimi mama wa mtumba simtaki." Nikairudisha mashine nyumbani, nikampigia mume wangu kumweleza, kumbe binti yangu yuko mlangoni anasikiliza, akauliza, "Bibi amekufa tena?"

Sasa fundi anasema nimwachie boksi zima, atoe vipuri, anipe laptop iliyotumika nimwongezee kidogo. Mume wangu anasema tushukuru Mungu, hiyo kona tuweke kitanda cha mtoto. Na mimi, mshauri, kwa uchovu, nimeshasema ndiyo. Jumamosi naenda kubadilishana. Tangu niseme ndiyo, kila nikipita kwenye kona ile naifuta vumbi. Je, ninalilia bati?

Mimi, Binti wa Karani

*

Binti wa Karani,

Nimecheka kama ulivyoniruhusu, nilipofika kwa swali la binti yako nikaacha. Pole sana. Mwaka mmoja ni kama juzi.

Lakini nikukaripie kidogo, mdogo wangu. Umelia stuli nzima ikalowa, hukuuliza swali moja: "Fundi, maandishi yangu yanakaa wapi?" Hayakai kwenye hiyo mama iliyokufa. Yanakaa kwenye diski, kisanduku kizito cha chuma kinachoenea kiganjani, na bodi ikifa diski mara nyingi hubaki nzima. Sasa fikiri: Jumamosi ulikuwa umpelekee mtu mazoezi yote ya mama yako, na yale ambayo hujayasoma, ndani ya boksi, ili yeye akupe laptop. Fundi si mwizi. Hakujua, na wewe hukusema.

Usingoje Jumamosi, nenda kesho. Mwambie umeghairi, neno halijawa pesa bado. Atoe diski mbele ya macho yako, aiunganishe kwenye kompyuta yake kwa waya, na kila kilichomo kinakiliwe mara mbili, nakala moja ubaki nayo wewe, nyingine akutunzie ndugu yako. Kabla hayo hayajafanyika, hakuna kugusa kingine.

Kisha ajaribu mashine kwa pawasaplai nyingine iliyo nzima, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme. Feni kuzunguka mara moja ikakata, wakati mwingine ni umeme wa ndani tu, na pawasaplai ni rahisi kuliko bodi. Bodi ikiwa ndiyo mbovu kweli, akuonyeshe kwa kidole, vile vimikebe vidogo vya umeme vilivyo juu yake, vilivyovimba vichwa, utaviona mwenyewe. Bodi mpya usinunue: itakataa prosesa yako na ram yako, yaani ubongo wa mashine na kumbukumbu yake, mwisho utajikuta umenunua kompyuta nzima kipande kipande. Tafuta ya mtumba inayopokea hivyo ulivyo navyo, nenda na ile iliyokufa mkazilinganishe, na usilipe mpaka iwake hapo hapo mezani na fundi akupe muda wa kuirudisha. Ndiyo, mama ya mtumba. Mbona watoto wetu tunawalaza kwenye shuka za mtumba na wanalala?

Kuhusu mumeo, hana kosa. Kona ni ya mtoto. Kioo cha chogo kiage, tafuta chembamba kilichotumika, boksi lisimame chini ya meza. Usimfanye mumeo achague kati ya mtoto wake na marehemu mkwewe, mwambie tu kilichomo ndani. Nadhani hajui, kama fundi asivyojua.

Na mashine ikigoma kabisa, mazoezi utayafungua kwenye laptop yoyote. Feni ile utaikumbuka, naelewa. Ila aliyekuwa akikufunika mikono kwa kitambaa cha jikoni hakuwa feni. Kitambaa unacho, na mikono ya kufunika unayo.

Zoezi la sitini na moja usilifungue peke yako. Mpandishe binti yako juu ya mito, alipige yeye, nawe usome herufi zikitoka. Lakini leo, kabla hujatafuta hata nauli ya kwenda kwa fundi, mwite, umwambie kwamba bibi hajafa tena. Ni bodi tu.