Barua Yako Ilifunguliwa Barabarani

Yaya Furaha,

Nakusalimia wewe dada yangu, shemeji na watoto. Mi niko mzima wa mwili. Kila barua huwa naanza kwa kuuliza Mama ameamkaje. Leo mkono umekataa.

Barua yako imefika. Ila namna ilivyonifikia, Yaya, hata sasa siamini.

Yule mama muuza mawese uliyemkabidhi aliniletea asubuhi, dukani kwa Mzee Ramadhani, patron ninayemwendeshea gari. Ulikuwa umeifunga vizuri kwa gundi. Mi na Mzee tulikuwa tunapeleka vigae Kibenga, basi nikaitia ndani ya begi ili niisome nikirudi nyumbani Kamenge, nimetulia.

Wakati wa kurudi polisi akatusimamisha. Nikampa permi yangu ya kuendesha, karatasi za gari na asiransi, ile bima. Akaviangalia vyote, hakuona kosa. Kisha akatuambia tushuke. Akafungua nyuma, akainua viti, akamwaga begi langu juu ya gari. Mzee alimuuliza kwa upole anatafuta nini, na kama ana mandati, karatasi ya mahakama ya kupekua. Polisi akaendelea kupekua. Akaishika bahasha.

"Ni ya dada yangu, shefu," nikamwambia. "Mi mwenyewe sijaisoma."

"Basi tutaisoma pamoja."

Akaipasua. Akasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma tangazo, na waliokuwa wakingoja basi wanasikiliza: "Mudogo wangu Amani, kaa chini kwanza. Mama tumemuzika..."

Hapo akaacha kusoma. Uliniambia nikae chini, Yaya, na mi nilikuwa nimesimama juani, mikono juu ya gari.

Sikulia. Polisi akakunja karatasi, akanirudishia pamoja na permi, akasema pole, akaenda kusimamisha gari jingine. Mzee Ramadhani, ambaye aliacha kuendesha kwa sababu ya mgongo, ndiye aliyeturudisha.

Jirani yangu ni karani wa mahakama. Ameniambia polisi wa barabarani ana haki ya kuona karatasi za gari, lakini kupekua mizigo ya mtu kunataka mandati ama sababu nzito ya kumshuku, na siri ya barua inalindwa na katiba yenyewe. Miaka yote hii nilidhani mwenye sare akisema fungua, unafungua. Nilitaka kunyamaza, mi mgeni hapa, Mzee akakataa. Tukaenda wote wawili kwa mkubwa wa yule polisi. Aliandika maelezo yetu, akasema ataangalia. Mpaka leo kimya.

Mwambie shemeji asante kwa kuchimba kaburi kwa mikono yake. Msalimie Mama mdogo, sasa ndiye mama tuliyebaki naye, na mjomba aliyesimamia matanga.

Barua yako nimeisoma yote sasa. Lakini kila nikifika pale pa Mama, nasikia sauti ya yule mwanaume. Niandikie tena, Yaya. Maneno yale yale, usibadilishe hata moja. Nataka kuyasikia kwako.

Mdogo wako anayekulilia toka Bujumbura,
Amani