Ng'ombe wa Kija Tuliowangoja

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi Bariadi. Tarehe: 14/11/1995.
Jina: Luhende s/o Mashimba. Umri: miaka 68 kwa kukisia, aliyejua kamili amekufa. Kazi: mkulima wa pamba. Elimu: darasa la tatu, nalo nusu nilikuwa nachunga. Dini: Mkatoliki, hasa siku ya Pasaka. Makazi: Zagayu.
Kuhusu: kupotea kwa Kija d/o Masele, miaka 17.

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa kusema kweli. Afande amenionya mara mbili, kwa kuwa ananifahamu.

Kija ni binti wa jirani yangu Masele. Mnamo tarehe 8/7/1995, siku ya gulio, alitoka asubuhi kwenda kuuza karanga. Gulioni palikuwa na malori ya wanunuzi binafsi wa pamba. Siku hizi kila mwenye lori na mizani ni mnunuzi, hata jina lake hatulijui. Saa sita hivi nilimwona Kija amesimama karibu na lori la bluu. Nikamtania, "Kija, angalia wasije wakakupima na wewe." Akacheka. Sikumwona tena.

Jioni hakurudi. Asubuhi yake mama yake, Milembe, alijifunga kanga akasema anakuja huku polisi. Nilikuwepo. Nikamwambia, "Mayu, mama yetu, unataka kumfunga mkwe wako kabla hajanywa hata maji ya kwako?" Watu walicheka, na Masele alicheka. Milembe hakucheka. Alikaa chini.

Afande ameuliza kwa nini nilisema hivyo. Kwetu binti akikosekana nyumbani, tunajua ametoroshwa na kijana wake. Baba hatafuti. Anangoja wajumbe waje waseme, "Msihangaike, mtu wenu yuko kwetu," ndipo mazungumzo ya mahari yaanze. Baba anayekimbilia polisi amemwaibisha binti na amewafukuza ng'ombe. Na kijana tulikuwa naye: Thomasi, fundi baiskeli, mchumba wake wa chinichini, ambaye aliondoka wiki ile ile bila kuaga. Basi tukaridhika. Masele akapanua zizi, miiba nikamkatia mimi. Kila nikimpita namuuliza, "Ngosha, mwanaume mwenzangu, ng'ombe wako wanakuja kwa miguu au wanasubiri treni Malampaka?"

Mnamo tarehe 11/11/1995 asubuhi, tukiwa tumekaa kwa Masele, Thomasi aliingia uani. Alikuwa peke yake. Alitoka machimboni Geita na vitenge viwili, kimoja akampa Milembe. Akamwamkia Masele kwa adabu, akaangaza macho huku na huku, akauliza, "Kija yuko wapi?"

Milembe alikiweka kitenge chini akashika njia ya Bariadi. Safari hii hakuna aliyemzuia.

Afande ameuliza Kija alivaa nini siku ile. Sijui. Milembe anajua, leo tumeitwa naye, yuko kwenye benchi hapo nje. Miezi yote hii hatukumuuliza.

Afande ameuliza tena kama wako mabinti wengine Zagayu waliosemekana wametoroshwa na ng'ombe hawakufika. Nikasema wapo. Nikamtaja binti wa mzee Luhaga. Nikamtaja na binti wa mjane mmoja aitwaye Domitila. Wazazi wao wote niliwatania. Akasema, "Mwingine?" Nikaomba maji.

Binti yangu Nyamizi aliondoka nyumbani mwaka 1986, wakati wa palizi. Nimekuwa nikisema ameolewa Nyashimo na mvuvi mmoja bahili, mwenye kitambi, anayewaficha ng'ombe wangu ziwani. Watu hucheka sana. Afande, huyo mvuvi nimemtunga mimi.

Haya ndiyo maelezo yangu: niliyoyaona, niliyoyasema na hilo nililolitunga. Nimesomewa, ni sahihi.

(Sahihi) Luhende Mashimba

Maelezo haya nimeyaandika mimi, D/Cpl Renatus, na kumsomea shahidi kabla hajatia sahihi. Milembe ameitwa ndani. Shahidi ameruhusiwa kuondoka lakini hakuondoka. Amebaki kaunta kutoa taarifa ya kupotea kwa Nyamizi d/o Luhende, aliyekuwa na miaka 16. Alipoulizwa binti alivaa nini, alijibu bila kusita: gauni la kijani, viatu mkononi.